Mwenzetu wa kikoba anapigwa na mumewe, na sisi ndio tuliomrudisha kwake. Tumsaidieje sasa? (Dodoma)

Mweka Hazina wa Nkuhungu:

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Nkuhungu. Tuko 23. Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri chini ya mwarobaini wa mwenyekiti wetu, tunanunua hisa, tunakopeshana, na kila mmoja anatoa shilingi 1,000 ya mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa. Leo mfuko huo una 640,000. Nataja kiasi kwa sababu swali langu limekaa hapo.

Kuna mwenzetu nitamwita Dada K. Ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Anauza mlenda mkavu na karanga. Tangu mwaka jana amekuwa akikosa vikao, na akija anakuja amejitanda mtandio mpaka kidevuni, kwenye joto la Novemba. Tulijua. Sitasema hapa kwamba hatukujua.

Mwezi wa nane alimgongea mwenyekiti saa tano usiku, mtoto mgongoni, mdomo umepasuka. Tukafanya tulichoona ndiyo busara. Asubuhi tukamwita mume, wazee wawili wa mtaa na shangazi yake mume. Kikao kilichukua saa tatu. Mume akaomba msamaha, akapiga magoti. Kuku akachinjwa, tukala. Mimi kwa mikono yangu nilimbebea Dada K mfuko wake wa nguo mpaka mlangoni kwake, nikamwambia vumilia mwenzangu, ndoa ndivyo zilivyo.

Siku ya tisa alipigwa tena, safari hii kwa kosa la kutoa siri za nyumba kwenye kikao. Alimkaba shingo. Sasa hivi yuko mahali, sitapataja. Alikwenda kituo kimoja cha polisi peke yake, akaambiwa mambo ya mke na mume wakayamalize nyumbani.

Kikoba kimegawanyika. Wapo wanaotaka zile 640,000 zote zipelekwe kwa shirika dogo la kijamii lililo kata ya jirani, akina mama wa kujitolea wanaosaidia wanawake waliopigwa. Wengine wanataka tumpangie Dada K chumba miezi sita hapa hapa Nkuhungu. Na wapo wanaoogopa, maana mume anapita mtaani akisema sisi ni wavunja ndoa, na mume wa mwenyekiti ameanza kumwambia mkewe aachane na hayo. Dada K mwenyewe anasema hataki mume afungwe, kwa sababu akifungwa nani atatoa hela ya watoto.

Naombeni mwenye uzoefu aniambie. Shirika la namna hiyo hasa linafanya nini na hela? Na sisi tufanye nini, safari hii tusikosee?

Mzee wa Ipagala:

Marahaba binti. Mmefanya vyema kuwaita wazee, ndiyo mila yetu. Ushauri wangu, rudini kikaoni, safari hii mwiteni na mjomba wa mke, na mume alipe faini ya mbuzi. Polisi mkishaingiza kwenye nyumba ya mtu, ile nyumba haijengeki tena. Watoto watalelewa na nani?

Msaidizi wa kisheria, Chang'ombe:

Dada mweka hazina, mbukwa. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea kwenye shirika dogo hapa mjini, mwaka wa saba sasa. Zamani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tuna chumba kimoja cha kupanga, meza mbili, kabati la chuma lenye kufuli, na mkeka wa watoto kuchezea mama zao wakiwa wanaongea. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Kabla ya hela, hilo la kukabwa shingo. Umelitaja kwa maneno mawili ukaendelea, mimi nimekwama hapo hapo. Kofi na kukabwa si kitu kimoja. Mwanamume aliyefikia kumkaba mkewe ameonyesha kwamba yuko tayari kuondoa uhai, na kwenye kazi hii tukisikia neno hilo tunaacha mengine yote. Tena wakati wa hatari kuliko wote ni huu alio nao Dada K sasa, siku za mwanzo baada ya kuondoka. Kwa hiyo ulivyoandika "yuko mahali, sitapataja", shikilia hapo. Hata wanachama wenzako 22 hawahitaji wote kupajua. Na hiyo ndiyo sababu chumba cha Nkuhungu mimi nakikataa. Mnamlipia kodi ya miezi sita mahali ambapo mume ataulizia kwa muuza genge mmoja tu akaonyeshwa mlango.

Mzee wangu wa Ipagala, shikamoo. Sikudharau, baba yangu alikuwa mzee wa mtaa na nimekua nikiona vikao. Usuluhishi unafaa pale watu wawili wamekosana, kila mmoja anaweza kusema lake bila kuogopa usiku utakuwaje. Dada K alisema lake, na siku ya tisa akapigwa kwa sababu ya kusema. Kikao kingine kitampa mume orodha nyingine ya makosa. Na mbuzi wa faini anatoka zizi lile lile linalolisha watoto wa Dada K. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Imeandikwa hivyo zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Sasa hela. Umeuliza shirika linafanya nini nazo, na ni swali la haki, mtu anayeomba mchango lazima alijibu. Nitakufungulia daftari letu kwenye ukurasa wa mama mmoja wa mwaka jana, bila jina. Bodaboda na daladala za kwenda Dawati la Jinsia la polisi, hospitali na mahakamani, yeye na shahidi wake, 74,000. Unga, maharage, mafuta na sukari ya uji kwa wiki sita, 96,000. Simu ya kitochi na laini mpya, 28,000, kwa sababu ile ya zamani mume alikuwa akiipekua na kumpigia kila dakika. Kutoa nakala za karatasi, 6,500. Kufuli mpya, 9,000. Jumla 213,500. Hakuna hata senti ya mwanasheria humo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu ni bure kwa asiye na uwezo. Akikuomba mtu hela "ya kufungua faili", huyo siyo.

Umeona hela inakwenda wapi? Nauli na unga. Watu wakitaka kuchangia hutuletea kanga na sabuni, tunashukuru, vinatumika. Lakini sijawahi kuona mwanamke aliyerudi kwa mume anayempiga kwa kukosa kanga. Wanarudi kwa sababu ni siku ya nne, watoto wanalia njaa nyumbani kwa mtu, na mwenyeji ameanza kununa. Wanaacha kesi kwa sababu shauri limeahirishwa mara ya tatu na nauli ya kukopa imekwisha. Shahidi asipofika mara mbili tatu, kesi inakufa, halafu mtaani wanasema ameimaliza kwa kuhongwa.

Na kitu ambacho hakimo daftarini ni benchi. Ninaposema kumsindikiza mtu sina maana ya kumwonyesha njia. Nina maana ya kukaa naye pale kuanzia saa mbili asubuhi mpaka aitwe, kumshikia mtoto akiwa anaandikisha maelezo, na kuhakikisha anasomewa alichoandikiwa kabla hajaweka sahihi. Yule askari aliyemwambia yakamalizwe nyumbani alikuwa anaongea na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nendeni wawili watatu, ulizeni moja kwa moja lilipo Dawati la Jinsia na Watoto, kwa sababu mapokezi ni kitu kingine na Dawati ni kitu kingine, wana chumba chao na askari waliofunzwa. Mkizungushwa hapo, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, aje nanyi. Kila kata inatakiwa pia kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa ulioanza 2017/18. Mtendaji wa kata anaijua. Barua fupi ya kikoba kwa kamati hiyo inawafaa na nyie, maana mume akizidi kuwaita wavunja ndoa au akitishia mtu, tayari kuna mahali mambo yameandikwa.

Kuhusu kufungwa. Dada K ana haki ya kuogopa hilo, msimwone mjinga. Mweleze kwamba njia ziko mbili na hazifanani. Ya jinai inaanzia polisi, na huko mlalamikaji ni Jamhuri, yeye ni shahidi. Ya ndoa na matunzo ni yake mwenyewe. Matunzo ya watoto anaweza kuanzia ustawi wa jamii au mahakamani hata kabla ya talaka. Akitaka talaka, kwa kawaida shauri hupita kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini, na likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Wengi wanadhani baraza kazi yake ni kumrudisha mtu. Hapana, na mume akiitwa akakaidi makusudi, au mahakama ikiona mazingira si ya kawaida, sheria imeacha mlango wa kupita bila hati hiyo.

Na nyumba? Wakinamama wengi hunong'ona hili mwishoni kabisa, wakiwa wamesimama mlangoni kuondoka. "Mimi sikuwa na kazi, nitadai nini?" Tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Hata kama hawakufunga ndoa rasmi, wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inaweza kuwahesabu hivyo. Mwambie Dada K mlenda wake na karanga zake vimo kwenye ile nyumba.

Sasa hilo shirika la kata ya jirani. Silijui, silisemi. Nendeni wawili mkawaone kabla ya kutoa chochote. Waombeni cheti cha usajili, wa halmashauri au wa mashirika yasiyo ya kiserikali, watu wazima hawachukii kuombwa. Ulizeni kumbukumbu za wanawake zinakaa wapi na nani ana ufunguo. Ulizeni wanafanya nini mwanamke akiamua kurudi kwa mumewe. Wakijibu "tunamfukuza" au "tunamkatia msaada", tokeni. Tazameni pia wanachorusha mtandaoni. Shirika linalopiga picha za akina mama wenye uvimbe usoni ili kuomba michango, hata kama limeziba macho kwa wino, likimbieni, kwa sababu mume anaijua kanga ya mkewe.

Msitoe 640,000 zote. Toeni sehemu, nyingine ibaki kwenu kwa Dada K na kwa atakayemfuata. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Nyie mko 23 chini ya mwarobaini ule.

La mwisho nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelikosea mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Mara ya kwanza nyie mlimwamulia arudi. Safari hii msimwamulie aondoke. Mwekeeni mbele yake yaliyopo, nauli, unga, mtu wa kukaa naye, halafu aseme yeye.

Nesi, Bahi:

Msaidizi amesema mengi, naongeza ya hospitali tu, nimefanya kazi zahanati miaka 11.

Dada K apelekwe kituo cha afya leo, hata kama anasema shingo haiumi. Kukabwa kunaweza kusiache alama nje na huku ndani kumeumia. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, akiumwa kichwa, akizimia au akipumua vibaya, msingoje asubuhi. Siku zote majeruhi mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, inafuata. Ile PF3 inatolewa polisi bure, daktari anaijaza, inarudi polisi na ndiyo inakuja kuwa ushahidi. Kwa hiyo amwambie daktari ukweli wote, kila mahali palipoguswa. Nimeandika "alianguka kisimani" mara nyingi sana katika daftari langu, kwa sababu mume alikuwa amesimama pale pale pembeni ya kitanda. Siku hizi mtu nikimshuku namtuma mume duka la dawa akanunue kitu, hata kama kipo ndani.

Na hili watu wanaona haya kuuliza: kama alilazimishwa pia tendo la ndoa, saa 72 ni muhimu. Ndani ya muda huo anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia VVU, anazimeza siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, hiyo P2, kadiri inavyowahiwa ndivyo inavyofanya kazi. Asioge kabla ya kuonwa, nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au gazeti, si kwenye mfuko wa nailoni. Hata saa 72 zikipita bado aende, kuna mengi ya kutibu.

Na watoto. Mkiona mtoto naye anaumizwa, namba 116 ni ya bure.

Mama wa Kibaigwa:

Sikuwa nimekusudia kuandika.

Mimi ndiye huyo Dada K, wa miaka sita iliyopita, nikiwa wilaya nyingine. Nilirudi mara nne. Mara ya kwanza nilirudishwa na ndugu, mara tatu nilirudi kwa miguu yangu. Nataka mweka hazina ajue hivyo, kwa sababu naona anajilaumu kwa ule mfuko wa nguo. Usijilaumu mpaka ukashindwa kumtazama usoni. Akikuona unamkwepa ataona umemchoka.

Nikuambie kilichoniokoa. Kilikuwa kikoba. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima, alinifuata sokoni siku moja nikiwa nimejaza gunia, akaniambia kwa sauti ya chini, "kitabu chako cha hisa kitakaa kwangu." Basi. Hakuuliza kitu. Mume wangu alishachukua hela ya mahindi misimu miwili, alishaniuzia mbuzi, lakini zile hisa hakuzigusa kwa sababu kitabu hakukiona. Akaja mwenyewe kwa mweka hazina kuomba mkopo kwa jina langu, akasema nimemtuma. Yule mama akamjibu kwamba katiba inataka mwanachama afike mwenyewe, aweke dole gumba. Ndivyo ilivyokuwa kwenye katiba, lakini wangapi wangesimamia? Siku niliyoondoka moja kwa moja nilikuwa na 312,000. Kwa hela ile nilipanga chumba, nikanunua debe nne za mahindi kuanza nazo biashara.

Kwa hiyo wewe mwenye daftari usidhani kazi yako ni kuhesabu tu. Angalia kama mnatumiana ujumbe wa simu kuhusu hisa. Simu yake anaishika nani? Msimtumie. Kama amekosa vikao msimkate faini, na msimtangaze mbele ya wote kwamba anadaiwa.

Vitu vingine nilivihamisha kidogo kidogo kwa jirani, ndani ya ndoo ya unga. Kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki za watoto, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mkubwa. Kama vya Dada K vimebaki ndani, asiende peke yake kuvifuata na nyie msiende kama kundi la akina mama, aende na mtendaji au askari, mchana.

Na lile shirika lililonisaidia mimi, nakumbuka kitu kimoja kuliko vyote. Dada aliyenipokea aliniuliza, "Umekula?" Kabla yake kila mtu, na kituoni, na kwa mchungaji, na kwa mama yangu mzazi, aliniuliza, "Ulimfanyia nini?"

Mzee wa Ipagala:

Nimesoma yote. Huyu mama wa Kibaigwa amenifanya nimkumbuke mtu wangu wa karibu, sitasema zaidi. Mbuzi niondoeni. Nina swali kwa Msaidizi, mzee wa mtaa kama mimi akipelekewa jambo kama hili usiku, afanye nini mpaka kupambazuke?

Msaidizi wa kisheria, Chang'ombe:

Mzee, ahsante sana kwa kuuliza. Mpe mahali pa kulala na watoto wake, kwako au kwa mtu ambaye mume hamdhanii. Usimpigie mume kumjulisha kwamba mkewe yuko salama, najua utaona ni heshima, lakini usimpigie. Kama anatoka damu au alikabwa, hospitali usiku huo huo, na kama mume anakuja na panga piga 112. Andika kwenye karatasi saa aliyofika na ulichokiona kwa macho yako, siyo ulichosimuliwa. Ile karatasi ya mzee wa mtaa nimeona ikisomwa mahakamani na hakimu akaacha kuandika akasikiliza. Asubuhi msindikize. Wewe ukikaa kwenye lile benchi, Mzee, hakuna wa kumwambia akayamalize nyumbani.

Mweka Hazina wa Nkuhungu:

Narudi baada ya wiki mbili, samahani kwa kimya.

Siku ile ile ya jibu la Nesi tulimpeleka Dada K kituo cha afya. Walimkuta na uvimbe kooni, wakampa rufaa, akalala siku mbili. Sauti imerudi. Sikuwa najua. Tulikuwa tunamtengenezea chai ya tangawizi tukidhani ni mafua.

Jumatano tulikwenda Dawati, si kituo kile cha kwanza. Tulikuwa watatu, mimi, mwenyekiti na dada mmoja wa lile shirika. Tulifika saa mbili kasoro, tukaitwa saa sita na nusu. Mtoto alilala mapajani kwangu muda wote, mguu ukafa ganzi nikaogopa kusogea. Yule askari wa kike alimsomea maelezo yake neno kwa neno na Dada K akasahihisha sehemu moja, palipoandikwa "alimsukuma". Akasema, "Hapana, andika alinikaba kwa mikono miwili." Hatukuwahi kumsikia akiongea hivyo.

Bado anasema hataki afungwe. Amesema anataka matunzo, kitanda chake na mashine yake ya kusaga karanga. Ustawi wa jamii wamempa mume tarehe ya kufika. Vyeti vilifuatwa na mtendaji mchana, kama Mama wa Kibaigwa alivyosema, na mama, ninakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Kitabu chake cha hisa kiko kwangu.

Shirika tuliwatembelea kabla. Cheti wanacho, kabati lao la faili lina kufuli, na mwanamke akirudi kwa mumewe wanampa namba ya kupiga na kumwambia mlango uko wazi. Tumewapa 250,000, wamesema ni ya nauli na chakula na wataleta risiti. Zilizobaki tumezitenga kwenye ukurasa wake daftarini. Ilibidi tubadili katiba, kwa sababu ilisema mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa tu. Tulipopiga kura waliopinga walikuwa wawili. Wa tatu alinyanyua mkono kuunga, akaushusha, akanyanyua tena, na baada ya kikao akabaki nyuma akaniuliza kama vitabu vingine vya hisa navyo vinaweza kukaa kwangu.

Tumepanga zamu za kusindikiza, tuko sita. Tarehe ya ustawi ni Alhamisi na ni zamu yangu. Jirani atanifungulia genge.